Kijiji cha Viti Arobaini

Inatangazwa kwa wakulima, wafanyakazi na wasio na kazi maalumu kwamba kuanzia mwaka ujao, 1975, mtu wa Kilosa atakwenda Mikumi kwa ndege ya jeti. Safari itachukua dakika tisa: nne za kupanda, nne za kushuka na moja ya kutazama mandhari. Wananchi wanaombwa watazame upesi.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo la Idara ya Safari za Juu, na Bi Mwanasha wa Chanzuru alilipigia makofi mpaka bangili zikalia. Alikuwa mjumbe wa kamati, mwanamke peke yake humo, tena amesoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo alijua kuwa karatasi iliyopigwa chapa haiachwi ipite hivi hivi. Kilosa treni walikuwa nayo tangu enzi za Mjerumani. Lakini kule Mikumi palikuwa na uwanja wa nyasi, na vindege vya watalii vilitua kila nyati walipokubali kusogea. Kilosa, makao makuu ya wilaya, walikuwa wanatua kunguru tu. Aibu hiyo Bi Mwanasha hakuwahi kuihisi kabla ya tangazo. Baada ya tangazo ilimnyima usingizi.

Mratibu wa Idara, Ndugu Urbanus, mwenye kalamu tatu mfukoni, alimleta mbele ya kamati mwuza ndege mmoja, Bwana Olsvik wa kampuni ya Olsvik na Brodd, watengenezaji wa jeti ndogo za abiria wa mikoani. Bwana huyu zamani alisimamia shamba la mkonge, akajifunza Kiswahili cha kuamrisha. Sasa alikuwa anajikongoja kujifunza cha kubembeleza. Aliweka mezani kindege cha mti, akaeleza kwamba ndege yenyewe ina injini mbili mkiani, ngazi inayojikunja tumboni, na inatua hata kwenye changarawe. Kampuni ilikuwa imeshauza tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa zinaruka.

Mzee Lazaro, mstaafu wa reli, alikiinua kindege, akakigeuza, akauliza makaa yanatiwa wapi.

Bwana Olsvik akaendelea kwamba viti ni arobaini. Hapo Ndugu Urbanus akasimama. Arobaini, alisema, ni nyumba kumi mara nne, na hakuna mahali nchini ambapo watu arobaini wanaweza kukaa pamoja bila uongozi, hata kama wamefungwa mikanda. Kamati ikaazimia. Kila viti kumi viwe na balozi wake. Pasiwe na viti vya wakubwa. Kabla ya kutua, abiria waulizwe maoni. Rubani achaguliwe kwa kura.

Kila azimio Bwana Olsvik aliliandika daftarini, akasema, "Inawezekana." Kwa lile la rubani aliomba tu mgombea awe mmoja, na Ndugu Urbanus akamtoa wasiwasi kwamba huo ndio utaratibu.

Ili asikose kiti kamwe, Ndugu Urbanus akachaguliwa mwenyekiti wa ndege. Bi Mwanasha akawa balozi wa viti kumi vya nyuma. Alirudi Chanzuru shingo imenyooka, akiitikia salamu za majirani kwa sauti ya mtu anayeishi angani, na kanga ya safari akaikunja chini ya godoro ipate mistari. Ndugu Urbanus, asiyependa jambo lisilo na muhuri, akaiandikisha ndege yote kuwa kijiji: Kijiji cha Ndege, chenye mabalozi wanne na mwenyekiti. Palipotakiwa eneo la kijiji, akaandika uwanja wa kutulia.

Wiki iliyofuata Bi Mwanasha alikuta vigingi vya uwanja huo vimepigiliwa katikati ya mahindi yake. Ekari mbili, mahindi yameshaota ndevu. Mwaka ule mvua ilichagua mashamba, na lake lilikuwa moja kati ya machache yaliyochaguliwa. Wajukuu watano walikuwa wanalitazama kila asubuhi kama watu wanaotazama sufuria. Akamuuliza mpiga vigingi ni nani aliyeamuru trekta lije kufyeka Jumatatu. Yule akamwonyesha karatasi. Chini yake ilikuwepo saini ya Bi Mwanasha mwenyewe, herufi za mviringo, nzuri kabisa. Siku ya maazimio, alipoitia bila kusoma, alikuwa ameisifu.

Akaenda ofisini. Ndugu Urbanus, ambaye umri wake ungemtosha kuwa mwanawe wa tatu, hakumwamkia, maana kwenye kamati wote ni ndugu. Alimpa fidia ya maneno.

"Utaliona shamba lako kutoka juu, ndugu mjumbe. Wakulima wangapi duniani wamewahi kuliona lao?"

Bi Mwanasha alikiri kwamba idadi yao haijui.

Hakulia wala hakugomba. Aliazima faili la kamati, akalisoma siku tatu, kidole chini ya mstari, kwa mwendo wa treni ya mizigo. Jumamosi, kikao kilipokaribia kufungwa, akaomba kwa unyenyekevu ule waraka wa vijiji uliomo failini usomwe tena, kwa faida ya wenye elimu ndogo kama yeye. Ndugu Urbanus akausoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Mazao yaliyo katika ardhi ya kijiji kilichoandikishwa hayatafyekwa na mtu yeyote kabla ya kuvunwa. Sauti ikashuka kidogo. Kila mkazi atalima ekari moja. Ikashuka tena. Viongozi wote watahamia katika vijiji wanavyoviongoza kabla ya mwisho wa mwezi. Hilo la mwisho walilisikia waliokaa mbele tu.

"Lakini jamani, ile ni ndege," alisema Ndugu Urbanus. "Si kijiji kijiji."

"Basi muhuri ni wa nani?" aliuliza Mzee Lazaro.

Muhuri ulikuwa wa Ndugu Urbanus. Taarifa ilikuwa imeshakwenda juu, na huko juu walikuwa wameshaandika barua ya kumpongeza kwa kuanzisha kijiji bila kutumia tofali hata moja. Akamgeukia Bwana Olsvik, akamuuliza kama njia ya kutulia inaweza kupinda kidogo iyakwepe mahindi. Kwa mara ya kwanza Bwana Olsvik hakusema inawezekana. Alifunga daftari. Mwezi haujaisha, barua ikaja kutoka kiwandani kwao: kampuni imeacha ndege, imerudia biashara yake ya awali ya matela ya ng'ombe.

Lakini kijiji kilikuwepo, kimeandikishwa. Trekta likarudi lilikotoka. Siku ya mwisho wa mwezi lori la Idara likamshusha Ndugu Urbanus Chanzuru, pamoja na kitanda, makochi na redio. Kwa kuwa mgeni hahamii mahali bila kuripoti kwa balozi, na balozi pekee aliyekuwa anaishi Kijiji cha Ndege alikuwa na mahindi ya kuvuna, alimfuata huko huko shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na jembe?"

Alisema Idara haijatoa. Bi Mwanasha akamwazima la kwake, akamwonyesha ekari yake ilipo, penye magugu. Ndugu Urbanus alilishika jembe kama kalamu, akatazama magugu, kisha akatazama mbinguni.

"Mama, sasa hapa nitakaa mpaka lini?"

"Mpaka ndege ije, Mwenyekiti."