Diwani Hapiti Mlangoni

Zege alikuwa na simu mkononi na kikombe cha kahawa gotini, na kama kawaida yake alianza kupiga kelele kabla hajamaliza kusoma.

"Jamani, sikieni hii! Huko ughaibuni jamaa kapanua mlango wa chumba cha chini, nyumba yote imemkalia! Bati liko sebuleni!"

"Ukuta wenyewe ulikuwa upi?" akauliza Mahakama kutoka mwisho wa benchi.

"Uliobeba nyumba, bwana! Ule haugusiki! Ukiugusa ule, umejichimbia kaburi!"

Bujiku akapaliwa na kahawa. Tumpe, mwanamke anayeuza kahawa kwenye kijiwe hicho cha Kihesa, akampiga mgongoni mpaka akapata pumzi.

"Mbona umepauka?" Mahakama akamkazia macho.

"Baridi tu."

"Baridi gani na jasho linakutiririka?"

Asubuhi hiyohiyo Bujiku alikuwa amemwacha fundi Liberatus chini ya nyumba yake na nyundo, akipanua mlango. Nyumba imechimbiwa kwenye mteremko, chini kuna chumba cha mawe, na juu ya mawe hayo ndiko kuliko na sebule, vyumba, jiko, na Roza mkewe.

"Ni Diwani," akakiri. "Kesho nampeleka Kalenga, mahari ya Ezekiel wangu. Hapiti mlangoni. Pembe."

Diwani ni dume lake la ng'ombe. Alilileta kutoka Usangu likiwa ndama, akalifungia chumba cha chini mbali na wezi, linenepe. Akaliita Diwani kwa kuwa linakula tangu asubuhi na hakuna aliyewahi kuliona likifanya kazi.

"Si ukate pembe?" Tumpe akasema.

"Nikate! Nimpelekee mkwe dume kipara? Wakwe waseme Bujiku kaleta nguruwe mrefu?"

"Basi mchinje humohumo, atoke vipandevipande," akasema Mahakama.

"Mahari inakwenda kwa miguu yake, bwana!"

"Ulipima lakini?"

"Nipime nini, macho si ninayo? Pembe hizi hapa." Bujiku akatanua mikono, kikombe cha Mahakama kikaenda chini. "Mlango huu hapa. Zinapita hapo?"

Zege akaweka simu mfukoni. Aliitwa Zege kwa sababu enzi za ujana alibeba zege kule Makongolosi, na tangu hapo hakuna jengo asilolijua.

"Nani kakushauri ubomoe ukuta huo?"

"Wewe. Juzi. Umekaa hapohapo."

"Mimi nilisema panua mlango! Nilisema ukuta mimi?"

"Sasa mlango unapanuka bila ukuta, Zege?"

"Tuyaache hayo. Mmeshakingia mirunda ya kushikilia juu? Boriti ya juu ya mlango imeshakaa?"

"Liberatus kasema ataweka akishamaliza kubomoa."

Vikombe vikashushwa. Hata cha Zege.

"Akishamaliza?" Tumpe akarudia polepole. "Na Roza yuko wapi?"

"Juu. Anapika."

Bujiku akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Nyumba aliisahau, Diwani alimsahau, alichoona ni Roza tu na sufuria lake.

"Kisheria," Mahakama akaanza, maana aliwahi kutoa ushahidi kesi ya shamba na tangu siku ile ni hakimu, "kosa ni la fundi. Ila aliyemtuma fundi naye..."

"Nyamaza, Mahakama! Hapokei! Twendeni!"

"Mimi ningetangulia," akasema Zege, "tatizo goti."

Bujiku alikuwa hajapiga hata hatua, Roza huyo anapandisha mteremko, vumbi la mawe kuanzia kilemba mpaka kitenge. Bujiku nusura alie mbele za watu.

"Roza! Mama Ezekiel! Uko mzima!"

"Simameni."

"Nyumba je?"

"Imepasuka ufa mpaka jikoni. Liberatus kaegemeza mgongo ukutani, anaimba mapambio. Simameni, nimesema."

Wakasimama, na goti la Zege likapona.

"Na Diwani? Mawe yamemwangukia?"

"Diwani yuko nje anaota jua."

"Nje? Mlango umeshapanuka?"

"Upanuke wapi! Diwani anatoka kila siku. Anainamisha kichwa, pembe moja inatangulia, nyingine inafuata, kapita. Wewe unakuwa hapa kijiweni. Ukirudi jioni unamkuta keshaingia kulala."

Bujiku akamtazama Zege. Zege akatazama viatu vyake.

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Uliniuliza? Si una washauri?" Roza akainama, akashika ncha ya benchi walilokuwa wamekalia. "Tumpe, shika huko."

Lilikuwa benchi la mninga, nene, refu, lililokaliwa mpaka likang'aa. Wanawake wakaliinua juu kwa pamoja.

"Hee! Hiyo mali ya kijiwe!" Mahakama akaja juu. "Haiondoki bila kikao!"

"Kikao mtakalia nini?" Roza akamjibu, na tayari walikuwa wameanza kushuka.

Bujiku akawakimbilia, akaingiza bega katikati. Diwani alikuwa amesimama njiani, mbele ya mlango. Alipoona benchi linakuja na upana wake wote, akainamisha kichwa, akageuza pembe, akawapisha.

Kesho yake alikwenda Kalenga na pembe zake zote, na wakwe wakapiga vigelegele. Benchi halikurudi. Liko juu ya mlango wa Bujiku, limebeba ukuta, na pale kwa Tumpe kahawa inanywewa kwa kusimama. Zege anasema goti linamsumbua.