Naomba Nirudishiwe Maji Yangu

Kwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi ya Kulinda Msitu wa Chemchemi.

YAH: KUNG'OLEWA KWA MITI MIWILI NA KURUDISHIWA MAJI

Shikamoo Mama. Kichwa cha barua kinajieleza, na kichwa changu mimi kinauma, kwa hiyo sitazunguka. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa ulio nyuma ya msitu, yule mwenye kibao cha "Tunapunguza, Tunaongeza". Wewe kabla ya kustaafu ulikuwa muuguzi, umezoea kusikiliza watu wanaolalamika pasipo kukasirika. Naomba unisikilize hivyo hivyo.

Kwanza nieleweke kwamba msitu siupingi. Tumeishi vizuri tangu nizaliwe, mimi huku na wenyewe kule. Mchango wangu miaka yote ulikuwa kutokwenda, na bila kujisifu, hakuna jani lililodhurika kwa sababu yangu, ukiacha vipande vya vitambaa nilivyokuwa navitupa bondeni, ambavyo hata hivyo vilikuwa vya rangi nzuri. Halafu ikaja kamati. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jalala. Pale bondeni tulikuwa tunatupa taka zetu kwa amani, mtu anarusha mfuko na kugeuka zake. Mmesafisha, chemchemi imeanza kutoa maji tena, na mnafurahi. Sasa mtu akiwa na taka lazima azipeleke mpaka kwenye pipa, na njiani anakutana na watu kumi wa kusalimiana nao. Hakuna aliyeuliza kama tunataka kusalimiana.

2. Vifaa vyangu vya kazi. Mmemfanya mke wangu kiongozi wa kikosi cha kung'oa magugu bila kunishirikisha. Mkasi wangu wa kukatia suti umekwenda kukata mimea itambaayo, na siku hizi ukikata kitambaa unakitafuna. Futi yangu ilikwenda kupima unene wa miti ikarudi na utomvu. Mama mmoja niliyempima kiuno ilibidi tumbandue taratibu, yeye na mimi tukiangalia pembeni.

3. Ndege. Mligawa karatasi ili kila nyumba ihesabu ndege dakika kumi asubuhi. Nilikataa. Mke wangu akaibandika dirishani mbele ya cherehani yangu, kwa nia mbaya. Jumatatu nilishona mfuko wa shati mgongoni kwa sababu yule mwenye kifua cha manjano alikuwa amerudi, tena na mwenzake. Mteja amekataa shati. Wako wawili, mwandike.

4. Sasa hapa ndipo penye donda. Mlisema kila kaya ipande mche, jina liandikwe kwenye kibati juu ya kijiti, na mwenyewe aumwagilie mpaka mvua zije. Nikapanda. Kwa bahati mbaya, au kwa mpango wa mtu ambaye simtaji ila anavaa miwani na aliwahi kuwa muuguzi, mche wa pili yake, hatua tatu tu, ukawa wa kinyozi.

Kinyozi, kama mtaa mzima unavyojua, ni kaka yangu, tumbo moja. Hatujasemezana mwaka wa tatu huu, tangu harusi ya binti yangu, aliposimama mbele ya wakwe na kusema koti nililojishonea linatosha watu wawili na mzigo wao. Ukumbi mzima ulicheka. Mkwe wangu alicheka mpaka akapigwa mgongoni. Tangu siku hiyo natembea nusu saa kwenda kunyolewa na mtu asiyejua kwamba kisogoni nina kovu, kwa hiyo analikata kila mara. Kaka naye anavaa suruali za dukani zinazofagia barabara. Kila mmoja anaumia kivyake, kwa heshima.

5. Wiki tano zilizopita kikosi cha mke wangu kilipong'oa magugu, kiling'oa na vijiti vyenye vibati. Walipogundua, wakavirudisha kwa kukisia, wala hawakumwambia mtu, mpaka jana nilipombana mke wangu akakiri. Mimi sikujua. Kila alfajiri nimebeba madumu mawili kutoka chemchemi na kuumwagilia mti wenye jina langu. Nikiri tu, niliusemesha pia. Niliuambia usikubali hata kidogo kupitwa na ule wa jirani. Ukasikia, ukakua, nikawa natembea kifua mbele.

Juzi niliinama kuondoa jani kavu, nikaona kwenye mti wa kinyozi kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe. Lahaula! Kitambaa kile nilikifunga mimi siku ya kupanda, kiwe alama ya mche wangu. Ni kipande kilichobaki nilipomshonea kaka shuka lake la kwanza la kunyolea wateja, wakati anafungua duka. Nilikitumia kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, si kwa sababu nyingine.

Maana yake, Mama, nimemnywesha kinyozi madumu sabini. Naye amekuwa anauhudumia wa kwangu, jioni akishafunga duka. Zamu mlitutenganisha, yeye jioni mimi alfajiri, na kwa hilo pekee nawashukuru.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Nilikasirika, lakini wewe sikufichi, niliogopa zaidi. Akijua, atalisimulia dukani kwake, na kinyozi akisimulia asubuhi, adhuhuri hata mtoto mchanga anacheka. Kicheko cha kwanza kilininyang'anya kaka. Cha pili sijui kitaondoka na nini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima:

a) Vibati virudishwe mahali pake kimyakimya kabla kinyozi hajagundua.

b) Ikishindikana, miti yote miwili ing'olewe, na wangu upandwe ng'ambo ya chemchemi, mahali ambapo hauwezi kuuona ule mwingine.

c) Nirudishiwe maji yangu, madumu sabini, au mti wa kinyozi ukatwe juu kwa kiasi kinacholingana na maji hayo. Futi ninayo, ikishatoka utomvu.

d) Na hilo nalo likishindikana, basi msitu ufungwe na jalala lirudishwe. Jalalani kila mtu alirusha mfuko wake akaenda. Hakuna aliyewahi kujikuta ametunza taka za ndugu yake kwa wiki tano.

Nisalimie wanakamati wote, wahesabu ndege, walinzi wa lango na kila mwenye mti. Kikosi cha magugu nacho nakisalimu, ila kiongozi wake nitamsalimia mwenyewe atakapoleta mkasi. Kinyozi hayumo katika salamu hizi.

Ni mimi, mwenye mti usio wake,
Fundi Cherehani.

Nyongeza, kabla sijafunga bahasha:

Mama, leo alfajiri nilikwenda kufungua kile kitambaa ili nikiambatanishe na barua hii kama ushahidi. Mimi nilikifunga kifundi, mafundo mawili, kimebana. Nimekuta si fundo langu. Mti umenenepa, na mtu amekifungua, akakifunga upya kwa kulegeza ili kisikate gome. Amekifunga vile kinyozi anavyofunga shuka nyuma ya shingo ya mteja, akiacha nafasi ya kidole.

Kwa hiyo alijua. Kitambaa kile anamvalisha mtu kila siku ya Mungu, angekosaje kukijua? Alijua anamwagilia wangu, akaendelea kumwagilia. Na mtaani hakuna aliyecheka. Nimeuliza kwa mbali, kwa muuza mkaa, kwa mshona viatu, hakuna aliyesikia lolote. Kaka yangu, mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni hata ukimlipa, amenyamaza.

Vibati viacheni hapo hapo vilipo. Maombi (a) mpaka (d) nimeyafuta, na yeyote atakayegusa miti ile tutaonana. Kwenye salamu ongeza mtu mmoja.

Nihamishie zamu ya jioni. Nitakuja na madumu yangu, na futi pia, lakini usinielewe vibaya, hiyo ni kwa ajili ya kulinda msitu. Suruali za kinyozi zinaburuta, zinaweza kuvunja miche. Zinataka kupunguzwa inchi mbili, na sitaki fundi mwingine aziguse.