Jiwe la Mama na Maneno ya Kamusi

Baba mdogo hajawahi kutoa neno la Kiingereza mdomoni likiwa peke yake. Kwake, neno lisilo na ndugu ni yatima, na yeye ana huruma: akitamka moja, lazima auite ukoo mzima. Mwambie mlango umeharibika, atakutajia majina ya mlango mpaka mwizi achoke kusubiri na kwenda zake. Ndiyo maana tunamwita Kamusi. Tulimpa jina hilo kwa utani, yeye akalipokea kama shahada.

Aliyemweza alikuwa mmoja tu, marehemu mama yangu, aliyeolewa kwetu Kamusi akiwa bado mtoto. Kamusi akianza somo, mama hakubishana wala hakununa. Alishika kigoda chake, akakigeuza, akakaa akimpa mgongo na kuendelea kuchambua mchele. Kamusi akizunguka upande wa pili, mama naye alizunguka. Nimewaona kwa macho yangu wakizungukana uani kama mishale ya saa, na sinia halijamwaga hata punje.

"Shemeji, hii ni elimu ya bure," Kamusi alikuwa akilalamika.

"Iache hapo mlangoni, nitaichukua nikimaliza kazi."

Mungu akamwita mama mwaka jana. Kabla hajafumba macho aliniagiza jambo moja. Jiwe la kaburi lake liwe dogo, liandikwe jina lake, na chini yake neno Mama. Basi. Nikamwahidi huku nimemshika mkono. Ahadi uliyompa mtu anayekwenda mbele za Mungu si ya kuchezea.

Kikao cha familia kikamkabidhi Kamusi kazi ya jiwe, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba, na mchonga mawe ni jirani yake. Nilimweleza agizo la mama neno kwa neno. Alinisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kama jaji wa mahakama ya rufaa.

Mchungaji angekuja kuliombea jiwe Jumapili baada ya ibada. Jumamosi asubuhi nikapita karakana ya mchonga mawe kulitazama. Yule bwana ni mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, na hana desturi ya kuchora kwanza. Anaanza juu, herufi nene, za kina, anashuka nazo mpaka jiwe liishe.

Na jiwe lilikuwa limeisha! Juu kabisa MOTHER, yaani mama. Chini yake ndugu za neno hilo: PARENT, kisha MATRIARCH, PROGENITOR, SOURCE na ORIGIN. Huko chini, mahali ambapo hata sisimizi angepita kwa ubavu, limebanwa neno DAM. Jina la mama yangu halikuwepo.

Nikamuuliza jina liko wapi. Mchonga mawe akanitazama mimi, akalitazama jiwe, akaweka nyundo chini.

"Dada, mimi nilidhani hayo yote ndiyo majina yake. Shemeji yake alikuwa anakuja kila siku kuniongezea. Nikasema moyoni, huyu mama alikuwa mtu mzito."

Kabla sijajibu, Kamusi mwenyewe akaingia, suti imenyooshwa, kamusi yake kubwa kwapani kama mkate wa moto. Nyuma yake alikuwa mchungaji, ambaye Kamusi alikuwa amemkokota aje kuona kazi kabla ya watu wengine. Akaanza kutueleza. Neno Mama peke yake juu ya jiwe, alisema, ni kama bwana harusi aliyekuja kanisani bila viatu. Wageni wa mataifa wakipita hapo watasema nini? Yeye amempa shemeji yake msafara, kama wa malkia.

Mchungaji ni mtu wa subira. Akauliza SOURCE maana yake nini. Kamusi akasema ni chanzo. Mchungaji akataka kujua chanzo cha nini, akajibiwa kuwa ni cha sisi sote. Akaguna. Kisha akainama na kuuliza kuhusu lile la mwisho kabisa, na Kamusi, kwa fahari zote, akamkabidhi kitabu ajisomee.

Mchungaji akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Inasema hapa ni mama wa mnyama mwenye miguu minne."

Kamusi akakohoa kidogo.

"Lakini ni mama, Mchungaji."

Nilitaka kulia, kikatoka kicheko, kisha machozi yakafuata vilevile. Nikauliza kama maneno yale yanaweza kukwanguliwa. Mchonga mawe akasema jiwe litabaki jembamba, litapasuka. Jingine? Mpaka mwezi ujao. Nikaketi kwenye kigoda chake, nikainamisha kichwa na kumwomba Mungu asiniache na ahadi mkononi. Nilipofumbua macho nilikuwa natazama miguu ya kile kigoda. Nikainuka.

"Upande wa nyuma kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu. Jiwe tu."

"Ligeuze."

Alisugua na kuchonga mchana kutwa. Jioni jina la mama lilikuwa pale, na chini yake Mama, na nafasi kubwa tupu pembeni, kama alivyopenda nyumba yake iwe. Kamusi aliomba jambo moja tu, kwamba upande wake utazame njia. Lakini kaburi limeegemea ukuta wa makaburi, na njia ni moja tu, ya upande wa mbele. Maneno yake yakatazama ukuta.

Jumapili tulikusanyika, tukaimba. Mchungaji akatuambia tufumbe macho tuombe. Katikati ya sala nikasikia kitu kinakwaruza, nikafungua jicho moja, Mungu anisamehe. Kamusi alikuwa amejipenyeza kati ya jiwe na ukuta, tumbo limekwama, anasoma maneno yake kwa kidole. Kisha kidole kikasimama. Akachungulia juu ya jiwe, kule tulikosimama sisi sote, upande wa jina.

"Hata leo, shemeji?" akanong'ona. "Hata leo umenigeuzia mgongo?"

Baada ya amina ilibidi shangazi na mchonga mawe wamvute, mmoja mkono huu, mwingine ule. Akatoka na chokaa ya ukuta mgongo mzima, suti nyeusi imekuwa nyeupe. Mchungaji akampa nafasi aseme machache, na wote tukatafuta mahali pa kukaa, maana tunamjua.

Alisimama mbele ya jiwe.

"Alinilea," akasema.

Tukasubiri ndugu wa neno hilo waje. Hawakuja.