Ombi la Kuchimbiwa Mto Kabla Sijafa

Mheshimiwa Meya,

YAH: MJI WENU KUTOLINGANA NA RAMANI YANGU

Pole na majukumu. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mtaani kwetu wananiita Mzee Ng'ambo, kwa sababu miaka hamsini na tisa iliyopita nilikwenda kusoma huko kwenu mwaka mzima, nikarudi na koti. Nakuandikia kwa haraka kidogo, maana daktari amenishauri nisianze kusoma kitabu kinene.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuja kusoma kwenye chuo hichohicho. Siku ya kufunga safari alikaa juu ya sanduku akalia. "Babu, kule simjui hata mtu mmoja." Nikamwambia asihofu, mji ule naujua kama kiganja changu. Nikachukua karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nyuma yake nikamchorea ramani nzima, yenye rangi, vipimo na mshale wa kaskazini. Ameifuata kwa utii, na mji wenu umemwangusha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Basi namba tisa. Kwenye ramani linapita mbele ya hosteli kwenda sokoni. Mjukuu wangu amelingoja dakika arobaini mvuani, mpaka dereva wa namba nne akasimama akamwambia, "Dada, tisa haijawahi kuwepo. Panda, unaloa bure." Naomba basi moja liandikwe upya. Rangi yenyewe haitamaliza hata kopo.

2. Duka la mikate kwenye kona ya pili, lenye mwokaji mnene anayewagawia wanafunzi vipande vya mwisho. Mjukuu wangu amekuta hapo muuza miwani. Alipomwomba mkate, muuza miwani alimkalisha akampima macho. Macho ni mazima. Kasoro iko kwenye kona. Naomba bwana huyo aoke japo Jumamosi.

3. Mnara wa saa. Nimeambiwa haupo. Kama mnara ni kazi kubwa, nitaridhika na saa peke yake, mradi ichelewe dakika tatu.

4. Mto. Hili ndilo zito. Ramani yangu ina mto katikati ya mji, daraja la mawe, bata, na benchi la kukalia mtu aliyekumbuka kwao. Mjukuu wangu ameutafuta siku mbili. Mtu wa kwanza kuulizwa alimwonyesha bomba. Naomba mchimbe. Sidai mto mkubwa. Mita tatu za upana zinatosha, na bata nitawasamehe.

Hapa, Mheshimiwa, utajiuliza mto wenu umekwenda wapi. Haukwenda popote. Niliubuni mimi.

Siku yangu ya kwanza huko nilitoka kununua sabuni nikapotea. Nilizunguka jengo lilelile mara nne, naona aibu kuuliza. Fundi viatu aliyekaa mlangoni alinitazama kila nilipopita, na mara ya nne akasimama akanipigia makofi. Tangu siku ile sikuvuka tena geti la chuo. Mwaka mzima: chumbani, darasani, chumbani. Hatua mia mbili na kumi na mbili. Sabuni niliazima.

Lakini baba yangu alikuwa akisoma barua zangu kwa sauti mbele ya majirani, na kila mara alinijibu, "Tueleze zaidi." Nikaeleza. Nilianza na mkate, nikamalizia na mto. Baba aliupenda sana mto ule. Mpaka anafariki alikuwa akiniuliza habari za bata. Ningeukausha vipi?

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne na mto huo ukiwa tumboni. Hata marehemu mke wangu sikumwambia. Lakini Alhamisi mjukuu wangu alipiga simu akasema, "Babu, daraja sijaliona. Labda mimi ndiye sijui kutafuta. Acha nikae tu chumbani." Akakata, na hajapiga tena. Chumba hicho nakijua, Mheshimiwa. Katika mji wenu wote ndicho pekee ninachokijua. Sitaki nife nimemfungia humo.

5. Kwa hiyo, iwapo kuchimba kutachukua muda mrefu kuliko mimi, naomba umtume mtu yeyote mwenye sauti ya upole agonge chumba namba kumi na nne, aseme kwamba mto ulihamishwa kwa ajili ya matengenezo na kosa ni la halmashauri. Utakuwa umesema uongo, najua. Lakini wangu umedumu miaka hamsini na tisa. Wako ni wa dakika moja.

Nisalimie dereva wa namba nne, muuza miwani, na wote wa ofisini kwako, hasa idara ya maji.

Nasubiri jibu lako, ingawa si kwa muda mrefu,

Mzee Ng'ambo,
babu wa chumba namba kumi na nne

Nyongeza: Barua hii imechelewa siku tatu. Binti yangu, niliyempa aipeleke posta, aliisoma, akaipiga picha, akamtumia mwanawe. Simu ilipolia nilijua nimekwisha. Mtoto alikuwa anacheka hata hasikiki vizuri. "Babu, ramani yako mbovu jamani! Nimeuliza nusu ya mji kwa ajili ya bata!" Kumbe ile Alhamisi alikaa chumbani saa moja tu. Mke wa muuza miwani alikuja kumgongea, kumrudishia ramani aliyoisahau dukani kwao, akamchukua wakale. Anasema mama huyo hana sauti ya upole hata kidogo. Dereva wa namba nne sasa akimwona kituoni anapiga honi na kumwita Dada Tisa. Hakunipigia, anasema, kwa sababu alikuwa akitafuta namna ya kuniambia kwamba mto haupo bila kuniumiza.

Kisha akasema, "Sasa, Babu, nichoree upande wa pili wa mto."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, msichimbe. Msiguse kitu. Nimeshachana karatasi nyingine ya kalenda. Mkono unatetemeka, lakini mto hauhitaji mstari ulionyooka.