Kamati ya Kwenda Kuona Dhahabu

Jumapili, 8 Mei 2011

Husby. Mvua. Brigitha amekuja, maana leo ni Jumapili yangu: moja anakaa kwa mama yake Jakobsberg, moja anakuja kwangu. Muda wa saa tatu, kisha treni. Ana miaka kumi na tano. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi, macho kwenye simu. Wali kala. Ndizi kaacha.

Lakini leo katoa habari ndefu! Shule iliwapeleka Makumbusho ya Historia kule mjini. Walipewa dakika arobaini, wakaishia kwenye mifupa na mapanga ya Waviking. Chumba cha dhahabu hawakukifikia. Akasema angependa kurudi.

Nilitaka kusema twende. Halafu nikapiga hesabu: kwa treni ni nusu saa kwenda, saa mbili kutazama dhahabu, basi, anarudi kwa mama yake. Mimi nataka siku.

Wazo limenijia nikiosha sahani yake. Husbil! Yale magari ya Waswidi yenye vitanda na jiko ndani. Sikukuu ya Kupaa ni Alhamisi, tarehe mbili Juni, shule zinafungwa mpaka Jumapili. Tunakodi gari, tunapiga kambi kando ya ziwa, makumbusho tunayaendea taratibu. Siku nne na mwanangu! Ndani ya husbil hakuna mtu wa kuwahi treni.

Sijamwambia. Jambo zito kama hili siwezi kulisema hivihivi. Kwanza kamati.

Jumatano, 11 Mei

Kikwazo kidogo. Leseni yangu ni ya Bukoba, na hapa imekuwa pambo la pochi kwa miaka zaidi ya ishirini. Anahitajika dereva. Ninayemjua ni mmoja tu: Ochola, Mkenya wa ghorofa ya chini, dereva wa basi. Simpendi Ochola. Hupiga honi akinipita kituoni, akijua kabisa nimechelewa kazini, kwa wazee ninaowahudumia.

Nimemweleza. Akasema hakuna shida, akauliza mwenyekiti ni nani. Nikamjibu ni mimi, nani mwingine. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Jumamosi, 14 Mei

Kikao cha kwanza, kwangu. Nilialika watatu. Wamekuja kumi na mmoja! Mama Fébronie, Mkongo wa kwaya ya kanisani kwetu, kaja na beseni la maandazi na wapwa zake. Nina viti viwili. Watu wamekaa kitandani, dirishani, na juu ya kapu la nguo chafu.

Ajenda ya kwanza, sala. Ya pili, uchaguzi. Ochola kapata uenyekiti kwa kura kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa yangu, nilijipa mwenyewe. Mama Fébronie kapewa chakula. Mimi ni mjumbe wa kawaida. Ya tatu, sare ya kuvaa safarini. Ya nne, mgeni rasmi, maana ilionekana ni aibu kwenda kuona dhahabu bila mgeni rasmi. Habari ya Brigitha ilikuwa ajenda ya tisa. Hatukufika.

Niandike ukweli. Nilikuwa na furaha mpaka walipoondoka saa kumi na moja. Vikombe vimejaa mezani. Leo sivioshi. Vikikaa pale, nyumba inaonekana bado ina watu.

Jumanne, 17 Mei

Nimempigia Agripina, mama yake Brigitha, kuomba ruhusa. Miaka sita tangu tuachane, na bado nikisikia sauti yake nasimama wima. Akasema yeye hana kipingamizi, nimuulize mtoto mwenyewe. Nikamfahamisha kwamba barua ya mwaliko inaandaliwa na kamati ndogo. Akauliza kamati ndogo ya nini. Nikamweleza muundo wote, kuanzia juu.

"Evo," akasema, "mpigie tu mtoto. Ana simu."

Agripina hajawahi kuelewa utaratibu.

Jumapili, 22 Mei

Brigitha kaja. Barua iko tayari, ila haina sahihi ya mwenyekiti. Ochola anataka kwanza neno Mwenyekiti liandikwe kwa herufi kubwa zote. Bila sahihi hiyo ni karatasi tu. Nikaificha chini ya kitambaa cha meza.

Tukiwa tunakula akaniuliza, kwa Kiswidi cha polepole anachonitengea mimi, sikukuu ya Kupaa nitafanya nini. Moyo ukaruka! Mtoto mwenyewe kaanza! Nikapangusa mdomo, nikaketi vizuri. Nikamwambia atapata taarifa rasmi.

Akanitazama. Akasema okej. Akachomeka vile vidude vyake masikioni, na muda uliobaki tulikaa hivyo, mimi nikitazama kichwa chake kikifuata muziki nisioujua.

Ijumaa, 27 Mei

Kikao cha nne. Mgao wa vitanda. Vipo sita. Cha kwanza Ochola, cha pili mke wake. Cha tatu mgeni rasmi, mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa Vårby gård aliyewahi kusoma risala mbele ya balozi. Cha nne Mama Fébronie. Cha tano mpwa wake, ambaye ni katibu. Cha sita kimepewa masufuria ya Mama Fébronie, kwani sakafuni yatagongana.

Nikanyoosha mkono, nikauliza Brigitha atalala wapi. Ochola akapekua makaratasi, akasema jina hilo halijawasilishwa. Na mimi? Akasema mimi ni mwenyeji, makumbusho ni nusu saa tu kwa treni, nitawakuta hukohuko. Wajumbe wakaona ni busara.

Mama Fébronie peke yake ndiye aliyenigeukia. "Papa Evodius, hii safari si ilikuwa yako?"

Nikasema ni ya wote. Kura zikapigwa. Mkono wangu nikaukuta uko juu pamoja na mingine. Mazoea ya vikao hayo.

Alhamisi, 2 Juni

Kupaa. Wameondoka asubuhi wakiimba. Masufuria nimeyapandisha mimi. Kisha nikavaa sare, kitenge cha njano chenye tausi, nikaenda kuwasubiri nje ya makumbusho saa sita kamili, kama ratiba inavyosema.

Saa saba. Saa nane. Watalii watatu wamepiga picha na mimi. Nadhani walinichukulia kama sehemu ya maonyesho. Saa tisa Ochola akapiga simu: kambini kuzuri mno, samaki wako motoni, dhahabu imekaa miaka elfu na itakaa mpaka kesho.

Ningeweza kuingia peke yangu. Baba mmoja alipita na binti yake, wanabishana kuhusu aiskrimu. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Kile chumba namtunzia Brigitha. Kwenye treni watu wote walinitazama na hakuna aliyekaa karibu nami. Nimejisikia mpweke sana leo, na ile njano haikusaidia.

Jumamosi, 4 Juni

Husbil imezama kwenye nyasi zilizolowa. Limeitwa trekta. Mgeni rasmi karudi kwa treni, amenuna, risala iko mfukoni haijasomwa. Dhahabu hakuna aliyeiona. Ochola ananilaumu mimi: kama mwanzilishi, ningetangulia kufikiria mvua.

Jumapili, 5 Juni

Brigitha. Wakati anapanga sahani alivuta kitambaa cha meza, akaikuta barua. Mpaka leo haina sahihi. Akaisoma kwa sauti, anajikwaa kila mstari: Kamati ya Maandalizi ina heshima kubwa kumwalika Ndugu Brigitha, siku nne, pamoja na baba yake. Akacheka. Alipofika kwenye tarehe akaacha kucheka.

"Baba," akasema, na akasema kwa Kiswahili, "siku zote hizi nilikuwa nyumbani tu. Ungeniuliza."

Nikampa ndizi. Akala! Akasema Jumamosi ijayo twende, kwa treni, asubuhi mpaka jioni. Mimi na wewe tu, akasema. Nusu saa baadaye akanikumbusha tena: mimi na wewe tu. Treni yake aliiacha ipite, akapanda iliyofuata. Nimelia kidogo jikoni, bomba la maji likiwa wazi.

Jumatatu, 6 Juni

Sikukuu ya taifa. Bendera kila mahali, na kwa mara ya kwanza naona zinanihusu. Jumamosi ni tarehe kumi na moja. Siku tano tu! Mtoto kaomba kwa mdomo wake. Jambo kubwa namna hii siwezi kuliacha lijiendee likaharibika.

Nimeshuka kwa Ochola. Amekubali uenyekiti. Mama Fébronie kauliza ni watu wangapi, nikamwambia wawili. Atapika wa ishirini, kwa tahadhari. Mgeni rasmi bado anayo ile risala. Kikao ni Jumatano, kwangu, na safari hii nimeazima viti. Ochola anasema uzuri wa treni ni kwamba haina mgao wa vitanda, yeyote anapanda.

Nimejifunza, lakini! Jina la Brigitha nimeliwasilisha mapema, tena ni la kwanza kwenye orodha. Langu litajadiliwa Jumatano.