Poka kwa Baba Yake Joyceline

Jumatano, 10 Julai 2024
Mzee Bulugu anataka ng'ombe kumi na wawili ndipo anipe Joyceline. Ninao watano, mmoja kilema. Lakini akili ninayo! Nimemfundisha mzee karata za poka, tunacheza kwa maharage. Tumekubaliana mbele ya mshenga wangu, Pancras: Jumapili nikimzidi maharage, mahari inashuka hadi watano. Nisipomzidi, kumi na wawili palepale. Joyceline kasema nikishindwa atazeekea Kibimba kwa baba yake. Nimemwambia atulie, mbinu nimezisoma kwenye simu.

Ijumaa, 12 Julai
Shikamoo, marahaba, tukaanza. Mzee mgumu huyu! Bila karata nzuri haingii. Anasonya, anazitupa, anaendelea kutafuna muwa. Simu inasema: karata tatu za kwanza kati ya tano za pamoja zikishafunuliwa mkekani, weka dau dogo, theluthi ya maharage yaliyopo katikati. Mtu wa hivyo atakimbia, yaani atatupa karata na kukuachia maharage. Akifuata, akaweka sawa na wewe, ujue amebeba kitu, kimbia wewe.
Nimemkimbiza mara kumi na moja, na mkononi sina kitu! Nimerudi nyumbani Bukiriro napiga mluzi.

Jumapili, 14 Julai
Balaa.
Tulikaa baada ya misa, mimi nikiongoza. Karata tatu zikafunuliwa, nikaweka dau dogo. Mzee akafuata! Simu inasema kimbia. Nikaona simu haimjui Mzee Bulugu. Karata ya nne, nikaweka kubwa zaidi. Akafuata, anatafuna tu. Ya tano, nikamwaga maharage yangu yote. Katikati ya mkeka, maharage ya dau yanapokaa, tunapaita mahali, basi nikataka kumtisha kwamba naongeza mahali. Jamani, sisi Wahangaza na hizi l na r! Nikanguruma kwamba naongeza mahari.
Mzee akaacha muwa. Akamuuliza Pancras kama amesikia. Pancras, mshenga wangu mimi, akasema amesikia vizuri sana. Mzee akauliza naongeza ngapi. Nikainua vidole viwili kuomba anisubiri kidogo. Wakaandika kumi na wanne.
Kisha akafuata, akafunua karata zake. Saba tatu! Mimi sikuwa na chochote. Joyceline aliingia ndani bila kuniaga, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 15 Julai
Mzee kaniita. Nikajua nafukuzwa. Kumbe amecheka usiku kucha! Kasema tangu azaliwe hajaona mkwe anayejipandishia mahari mwenyewe, na mjinga mwenye moyo mweupe namna hii hataki ampotee. Atachukua hao hao watano, kilema wangu akiwemo, harusi Agosti. Sharti moja: niape kutogusa karata tena, asije akalala njaa binti yake. Nikaapa. Joyceline akalia kwa furaha, nami nikalia. Nampenda sana mzee yule!
Njiani Pancras akasema sitamaliza wiki bila karata. Dharau gani hii? Nimemwekea dau kwamba nitamaliza mwaka mzima. Dau dogo tu: ng'ombe wawili kati ya wale watano.