Msafirishaji wa Ndevu

Kitu cha kwanza ambacho binti alikiona kwa yule mgeni hakikuwa kandambili zake zilizochoka, wala shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Aliona kwamba kila alipokunywa chai aliweka kidole juu ya masharubu yake na kuyashikilia, kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo. Yalikuwa masharubu mazuri, meusi, mazito, ya heshima. Lakini masharubu ya watu wengine hunywa chai bila kushikwa.

Binti yule alizoea kuzungumza mkono ukiwa mdomoni, na mtu anayezungumza hivyo huchagua maneno machache.

Mgeni alikuwa amekuja kwa mama wa binti, fundi cherehani, kurekebishiwa zipu ya suruali, tena kwa ahadi ya kulipa siku nyingine. Alijiita Mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hakuna aliyeuliza, na hiyo ndiyo raha ya jina hilo. Alishafanya kazi nyingi maishani, na kila moja ilimlazimu kuhama mtaa. Aliwahi kuwakodishia wauza matunda kivuli cha ukuta wa shule. Aliwahi kuuza miwani isiyo na vioo kwa watu wenye macho mazima, ya kuyapumzisha.

Alipokuwa anasubiri zipu yake, aliona mambo mawili kwa mtazamo mmoja. Aliona binti akipita na birika, mkono umefunika mdomo. Kisha, dirishani, ng'ambo ya kichochoro, aliona duka la viatu, na mlangoni mwake mzee mwenye duka ameketi, kichwa kinang'aa. Mtaa mzima ulimwita Uwanja, kifupi cha Uwanja wa Ndege, ila si mbele yake.

Mtu wa kawaida angeona msichana mwenye haya na mzee mwenye kipara. Mtaalamu aliona mzigo upande huu, mpokeaji upande ule, na katikati njia fupi isiyo na ushuru.

"Dada yangu," alisema, akiweka kikombe chini, "huyu binti anaumwa jino?"

Mama akashusha pumzi. Mtu mwenye uchungu moyoni na kazi mikononi haulizwi mara mbili. Alieleza yote bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Kwamba tangu mwaka jana mwanawe ameota vinyweleo vyeusi juu ya mdomo, na vingine vichache kidevuni. Kwamba shuleni wenzake walianza kumwamkia. Kila asubuhi getini walijipanga, wakiinamisha vichwa kwa adabu: shikamoo, babu. Na kwamba sasa hataki kwenda shule kabisa, na mwalimu mkuu ametuma ujumbe kuwa mwezi ukiisha bila kumwona, nafasi yake atapewa mtoto mwingine.

Kwenye saluni kubwa walikuwa na mashine ya kuchoma vinyweleo, lakini kwa bei yake mama angenunua cherehani ya pili. Walijaribu krimu ya sokoni. Vinyweleo vilibaki, ngozi ikaondoka.

"Na wembe?" Mtaalamu aliuliza.

"Wembe hapana," mama alisema, haraka kuliko ilivyohitajika. "Ukiushika leo, umeushika maisha." Akagusa kidevu chake, ambapo palikuwa na plasta ndogo. Aliona mgeni ameitazama, akasema ni pini. Kwa kauli yake ilikuwa pini ya kushonea, iliyofika kidevuni kwa njia ambayo hakuieleza.

Mtaalamu alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Kutembea huku kulimpa muda wa kutunga uongo, lakini kwa mbali kulifanana na hekima.

"Tatizo la watu," alisema, "wanadhani nywele zinaisha. Nywele haziishi, dada yangu, zinahama. Hapa zimezidi, pale zimepungua. Hiyo si kazi ya daktari. Ni kazi ya usafirishaji."

"Zinasafirishwaje?"

"Kwa uzi. Mweusi, maana nywele zinaogopa rangi. Na gharama usiwaze, mwenye mzigo analipa kidogo, anayepokea ndiye anayebeba. Wewe utanishonea suti tu. Pesa sishiki. Pesa inaharibu mwendo."

Mama aliitazama cherehani, akamtazama mwanawe, akavuta jora la kitambaa cha kijivu alichokuwa amekihifadhi kwa mteja wa ndoto, yule ambaye hajawahi kuja.

Kwa Uwanja kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Mzee alikuwa ameagiza bango jipya la duka lenye picha ya uso wake, na mchoraji alipofika alimrudisha, kwa sababu hakuwa tayari kutundikwa juu ya barabara kama yai. Alisikiliza habari za uzi, akauliza swali moja tu, kama nywele za msichana hazitamfanya alie ovyo. Alipohakikishiwa kuwa nywele hazina jinsia zikiwa njiani, alikubali kutoa jozi ya viatu vya ngozi vya kahawia.

Ila wote wawili walikuwa wafanyabiashara. Mama alitoa koti, akasema suruali itafuata matokeo. Uwanja alitoa kiatu cha kushoto. Kwa hiyo Mtaalamu, ambaye kwa desturi yake angekuwa ameshapanda basi, alijikuta na nusu ya suti na nusu ya mwendo. Tapeli anaweza kuuza karibu kila kitu, lakini soko la kiatu kimoja ni gumu.

Ikabidi afanye kazi. Kila alasiri binti aliketi dirishani, akishika uzi mweusi uliokunjwa mara mbili, ameunyoosha juu ya mdomo kwa mikono yote miwili kama alivyoagizwa. Ncha yake ilitoka dirishani, ikavuka kichochoro, ikaingia dukani, ikazungushwa kichwani kwa Uwanja kama kilemba cha mtu aliyeishiwa. Mtaalamu alipita katikati, chini ya uzi, mkono nyuma ya mgongo, akisema "taratibu, taratibu," kama anayeongoza lori kurudi nyuma. Jirani mmoja alianika soksi juu ya uzi huo, na Uwanja akapeleka malalamiko kwamba msafara umekwama.

Binti alichoka siku ile ile ya kwanza. Kukaa na uzi mdomoni bila kushona chochote ni adhabu kwa mtoto wa fundi. Vidole vyake vikaanza kuchezea uzi vyenyewe, vikausokota katikati, vikaufungua upande huu, vikaufunga upande ule. Ghafla uzi ukamuuma. Macho yakajaa machozi. Alipouangalia, aliona kinyweleo kimoja kimenaswa kwenye msokoto, kimeng'oka na mzizi wake.

Akatazama huku na huku. Akasokota tena.

Ng'ambo, Uwanja alihisi uzi unamtikisa kichwa.

"Zinakuja," alinong'ona. "Mtaalamu, zinakuja. Nazihisi zinavyosukumana."

"Usizipokee kwa pupa, mzee wangu," Mtaalamu alisema, akimshangaa.

Kila alasiri binti aling'oa sehemu ndogo, iliyobaki akaificha kwa mkono kama kawaida. Hakumwambia mtu. Kwanza, hakuna aliyemuuliza. Pili, tangu siku ya chai alikuwa na hamu ya kujua yale masharubu yataishia wapi.

Mwezi ukiwa umekaribia ukingoni, alimaliza. Alisimama mbele ya cherehani na kushusha mkono.

Gurudumu likasimama. Mama alimshika mashavu, akamgeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mdomo mara nyingi kama anayekagua pindo. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo, na laini. Mama akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akashindwa kuchagua akaendelea na vyote.

Mtaalamu alikuwa mlangoni, akipima kwa macho umbali kati ya suruali iliyotundikwa na barabara. Alisogea, akatazama. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kusema jambo likawa, na hali hiyo ilimtisha kuliko polisi. Aliangalia viganja vyake. Alijiuliza kama muda huu wote alikuwa na kipaji, na kama wale aliowauzia miwani sasa wanaona vizuri.

Mama alimkabidhi suruali kwa mikono miwili. Aliivaa palepale, juu ya ile kuukuu. Hapo ndipo angeondoka. Lakini alitazama chini, akaona mguu wa kushoto umevaa ngozi ya kahawia na wa kulia umevaa kandambili, na tamaa ikamvusha kichochoro.

Mama na binti walimfuata, mama akitaka kumshukuru mpokeaji.

Uwanja alikuwa mbele ya kioo cha kujaribia viatu, kioo kifupi cha chini, kwa hiyo alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameondoa kilemba cha uzi. Kichwa kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote, pengine safi zaidi.

"Nimekuja kuchukua kiatu cha kulia," Mtaalamu alisema.

Uwanja alisimama polepole. Alitazama mdomo wa binti, hakuona kitu. Akapapasa kichwa chake, hakupata kitu. Kisha macho yake yakahamia usoni mwa Mtaalamu na kubaki pale.

"Mzigo umetoka," alisema. "Mimi sijapokea. Njiani alikuwa nani?"

"Mzee wangu, kuna foleni. Nywele nazo..."

"Foleni ya nini? Uzi ni mmoja."

Mtaalamu alitabasamu lile tabasamu lililomtoa kwenye vituo vingi vya polisi. Huenda lingemtoa na hapa. Lakini binti, mikono yake ikiwa chini, mdomo wake mtupu mbele za watu, alisema kwa sauti ndogo iliyosikika hadi kwenye rafu za nyuma:

"Mbona akinywa chai anayashikilia masharubu?"

Uwanja alinyoosha mkono, akashika, akavuta. Masharubu yakatoka yote kwa pamoja, bila ubishi wowote, yakabaki kiganjani mwake kama mnyama mdogo aliyelala.

"Nywele zangu," alisema Uwanja. "Amezivaa."

"Si zako. Hizi ni zangu, nilizinunua."

"Kwa nani? Mtaa huu nani mwingine anashughulika na nywele zaidi yako?"

Mtaalamu alitazama mlango, ukiwa na mama mbele yake na mkasi wa fundi mkononi, ambao alikuja nao kwa kusahau tu. Akaamua kufanya jambo ambalo hakuwahi kulijaribu. Akasema kweli. Alisema hakuna usafirishaji, nywele haziendi popote, yote aliyatunga alipokuwa anasubiri zipu.

"Na za mwanangu," mama aliuliza, "zimekwenda wapi?"

Uongo wake wote wa zamani ulikuwa na kasoro moja ya kuaminika, kwamba haukuwa na ushahidi. Huu ulikuwa nao, umesimama mlangoni na mdomo safi.

"Nimetoa nywele za mwanangu kwa moyo mmoja," mama alisema, "ziende kwa jirani. Wewe umezibandika usoni, ukaja kunywa chai yangu nazo."

"Dada, nilikuja nazo tangu siku ya kwanza."

"Kumbe ulianza zamani," alisema Uwanja.

Wakamvua koti. Wakamvua suruali. Uwanja akapiga goti kwa adabu ya kazi yake, akafungua kamba, akakitoa kiatu. Mtaalamu aliondoka kichochoroni akiwa na kandambili moja na suruali yake kuukuu, ambayo kwa msisimko wa msafara hakuna aliyekumbuka kuishona. Alitembea mkono mmoja umeshika zipu na mwingine umefunika mdomo, na binti, aliyeujua mwendo ule vizuri, alimwonea huruma kidogo.

Uwanja alibandika mali yake juu ya paji la uso, katikati. Mchoraji aliitwa siku hiyo hiyo, na alichora alichokiona. Hadi sasa wateja husimama chini ya bango, wakainamisha shingo upande mmoja, kisha upande wa pili, wakaingia kununua viatu kwa upole usio wa kawaida.

Binti alirudi shule. Getini kundi lilikuwa limejipanga, na mmoja, kwa mazoea tu, akainama: shikamoo, babu. Zamani angepita mbio. Safari hii alisimama, akamwekea kiganja kichwani. "Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Umekua." Waliocheka walimcheka mjukuu, na nafasi yake darasani ilikuwa bado ipo, dirishani.

Baada ya muda vinyweleo vikaanza kuchungulia tena. Mama alikuwa wa kwanza kuviona. Alisukuma kiti nyuma, akasimama, akaangalia ng'ambo kwa hasira.

"Amezirudisha," alisema. "Mzee yule amezirudisha bila hata hodi. Ngoja nimfuate."

Binti alimshika mkono, akamkalisha. Akakata uzi mweusi kutoka kwenye kibunda, akaukunja, akausokota katikati, akasogea kwenye kioo kilichotundikwa kando ya cherehani. Mama alitazama msokoto unavyokwenda na kurudi, unavyouma na kuachia, akafuata uzi kwa macho hadi mwisho wake. Uliishia kwenye vidole vya mwanawe. Haukwenda dirishani wala popote.

Mkono wa mama ukapanda wenyewe hadi kidevuni, penye plasta mpya.

Binti alikata kipande kingine cha uzi. Tangu akiwa mdogo alikuwa anaamka kabla ya jua na kusikia mlango wa bafu ukifungwa kwa komeo, maji yakimiminwa kidogo kidogo, na kitu chembamba kikigongwa taratibu kwenye ukingo wa beseni. Alijua wembe unakaa wapi, nyuma ya kopo la vifungo. Hakuwahi kusema.

"Mama," alisema, "pini haifiki kidevuni. Geukia kwenye mwanga, nikung'olee na wewe."